Fuko wa Juu ya Chemchemi

Persis Mokeira, jirani yetu hapa Nyacheki, hutembea mlimani kwa ubavu. Huutanguliza mguu wa chini, akaukanyagia mpaka auamini, ndipo auvute ule wa juu. Ukimwona kwa mbali kati ya michai utadhani anatafuta kitu alichoangusha. Kazi yake ni kuwinda fuko, na ameifanya tangu mumewe, Mzee Ombui, alipovunjika nyonga miaka sita iliyopita.

Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya Ombui. Fuko akiingia shambani hula mizizi ya viazi vitamu, ya michai michanga na ya migomba. Asubuhi unauacha mgomba umesimama, jioni unaukuta umeinama, na ukiushika unakuja wote mkononi kama fimbo iliyochomekwa tu. Ndiyo maana kila upande wa mlima una mtu wake wa fuko, na huku kwetu mtu huyo alikuwa Ombui. Alianguka siku ya mvua ya mawe. Alikuwa akishuka na jembe begani, barafu imejaa kwenye njia, mtu akamwita kutoka barabarani, naye akageuka ili aitike. Hakufanya kosa lingine. Alikaa hospitali miezi miwili, na aliporudi na magongo yake alimkabidhi mkewe jembe na waya wa kutegea.

Watu walicheka kidogo. Hawakuwa wamewahi kuona mwanamke wa fuko.

"Fuko mwenyewe haoni," Persis aliwajibu. "Hajui kama anawindwa na mwanamke au mwanamume."

Ombui hakuweza kupanda naye mlimani kumfundisha, kwa hiyo alimfundishia uani. Aliketi mlangoni kwenye kigoda, akaagiza ua umwagiwe maji na kunyunyiziwa punje za mahindi makavu, kisha akamtaka mkewe atembee juu yake akiwa amebeba jembe. Punje ziliteleza chini ya miguu sawasawa na mawe ya mvua. Persis alianguka mara nyingi, na kuku walikuwa wakimzunguka wakila somo lake. Ombui alimrudishia neno lile lile kila siku: miguu kwanza, halafu fuko. Alimfundisha pia kwamba fuko husikia kwa udongo. Ukikanyaga kwa kishindo hatua kumi kutoka alipo, amejua umekuja, na ukiteleza amejua hata uzito wako.

Mwaka huu fuko mmoja aliingia katika shamba la kikundi chetu cha wakulima. Shamba hilo lina migomba michanga sitini, limekaa mahali penye mteremko mkali, na chini yake kabisa iko chemchemi ambayo nyumba zote za upande huu huteka maji. Kufikia mwezi wa Aprili migomba kumi na tisa ilikuwa imelala. Kikundi kilikutana Jumatano na kuamua kutia dawa ya sumu mashimoni Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti wetu, Bwana Sylvanus, alikuwa tayari amekwisha kuinunua mjini Keroka.

Persis alizisikia habari hizo kwenye kituo cha kuuzia majani chai, akiwa kwenye foleni ya mizani. Alikiacha kikapu chake, akamwendea mwenyekiti.

"Mwenyekiti, njia za yule fuko zinafika hadi kwenye chemchemi."

"Nani ameingia ndani akaona?"

"Mwezi uliopita nilichoma pilipili kwenye shimo la juu. Moshi ulitokea kule chini kwenye mawe, karibu na bomba."

"Moshi ni moshi, Mama Job. Wangu hutoka jikoni ukaingia mpaka chumba cha kulala, na hakuna fuko aliyeuchimbia njia."

Foleni ilicheka. Persis alingoja wamalize.

"Nipe mpaka Ijumaa jua likizama," alisema.

"Na ukimkosa?"

"Basi Jumamosi fanyeni mnavyotaka. Mimi nitakuwa kanisani."

Njiani akirudi nyumbani alijuta kusema maneno yale ya mwisho. Yeye na Ombui ni Wasabato. Tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka la Jumamosi linapozama hawashiki kazi, na Sylvanus, ambaye ni Mkatoliki, alilijua hilo vizuri. Persis alikuwa amejifungia mlango mwenyewe. Jumamosi wakati wa ibada watu wangekuwa wanamimina sumu juu ya maji anayopikia, anayomnyweshea ng'ombe, na ambayo Ombui huoga nayo asubuhi yakiwa vuguvugu ili nyonga isimuume.

Jumatano jioni alitega waya. Asubuhi alikuta kitanzi kimezikwa kwenye udongo, kimelainishwa juu kama mtu aliyetandika kitanda. Alhamisi alitega tena mahali pawili, ikawa vivyo hivyo.

"Huyo alishawahi kuponyoka kitanzi," Ombui alisema. "Anausukuma udongo mbele yake kwanza. Si wa waya tena huyo, ni wa jembe."

Fuko wa jembe ni kazi nyingine kabisa. Unafungua njia yake, unachomeka unyasi mwembamba mbele ya tundu, kisha unasimama kimya jembe likiwa juu. Fuko hapendi mlango wazi. Atakuja kuuziba, unyasi utatikisika, nawe utapiga pigo moja nyuma yake ili asiweze kurudi. Lakini lazima aamue kuja mwenyewe, na huyu hakuwa na haraka. Ijumaa asubuhi Persis alisimama mpaka saa tano bila kuona unyasi ukitikisika, akarudi nyumbani kupika chakula cha Sabato.

Saa tisa ikaja mvua ya mawe. Ilipiga mabati kwa muda wa nusu saa hivi, watu wasisikizane ndani ya nyumba. Ilipokatika, mlima wote ulikuwa mweupe. Michai ilikuwa imechanika majani, na kati ya mistari barafu ilikuwa imelundikana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Baridi ilipanda kutoka ardhini.

Ombui alisimama mlangoni na magongo yake akatazama juu kwa muda mrefu.

"Maji ya barafu yataingia kwake," alisema. "Hawezi kuyavumilia. Leo atakuja kuziba."

Persis alikuwa tayari anatafuta gambuti zake za mpira.

"Nimesema atakuja. Sijasema uende."

"Kuna saa nyingine?"

Ombui aliketi kwenye kigoda, akamwambia amletee maganda makavu ya mgomba. Aliyasokota, akayafunga kuzunguka gambuti za mkewe, mizunguko mitatu kwenye kila mguu, mafundo yakiwa juu ili asiyakanyage. Ganda kavu hushika barafu pale ambapo mpira huteleza, na pia hufanya hatua iwe nyepesi. Alipomaliza aliuvuta kila mzunguko kwa kidole kuona kama umekaza.

"Mtu akikuita?"

"Sigeuki."

"Hata nikiwa mimi?"

"Wewe utaniitia nini, na uko hapa umekaa?"

"Nauliza tu."

"Hata ukiwa wewe, Baba Job."

Alipanda kwa ubavu, akifuata mistari ya michai ili mkono mmoja uwe na shina la kushika karibu na ardhi. Hakushika matawi, tawi huvunjika. Jembe alilibeba upande wa juu wa mlima, ubapa ukiangalia mbali naye, ili akianguka asiliangukie. Mahali palipokuwa na barafu nene aliivunja kwa kisigino kwanza, akasikiliza udongo chini, ndipo akahamisha uzito. Mwendo ambao siku nyingine humchukua dakika kumi ulimchukua karibu saa nzima.

Alipofika kwenye shamba la kikundi hakuligusa shimo. Alichimba kwanza vishimo viwili vya miguu yake, akakwangua barafu mpaka udongo mwekundu ukaonekana, akajaribu kusimama ndani yake na kulizungusha jembe mara mbili hewani. Miguu haikusogea. Kisha akaifungua njia ya fuko taratibu kwa mikono, akachomeka unyasi, akarudi kwenye vishimo vyake. Maji ya barafu inayoyeyuka yalianza kuingia kwenye tundu.

Hakuwa amesimama sana aliposikia mtu barabarani, juu yake.

"Mama Job! Unafanya nini huko? Utavunjika kama mzee wako."

Aliitambua sauti. Hakugeuka wala kuitika. Macho yake yalikuwa kwenye unyasi.

Sylvanus alikuwa ametoka Keroka, amevaa viatu vyake vya ngozi vya kuendea mjini, na alikuwa amesimama kutazama hasara ya migomba. Alipoona hajibiwi, alifikiri labda baridi imemkausha yule mama, akaingia shambani. Alipiga hatua tatu. Ya nne hakuipiga yeye. Alikuja akiwa amekaa, koti limempanda mpaka masikioni, akapita hatua mbili kutoka kwa Persis, akasimamishwa na mgomba mmoja wa ile iliyobaki. Mgomba ukalala.

"Nani huyo?" Persis aliuliza kwa sauti ya chini, bado akiangalia mbele.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwenyekiti."

"Huo sasa ni mgomba wa ishirini."

"Nisaidie niinuke, tafadhali."

"Kaa hapo hapo. Fuko amekwisha kukusikia ukishuka. Ukianza kuhangaika kuinuka atarudi kulala."

"Nimekalia barafu, Mama Job."

"Najua. Mlima wote umeikalia."

Sylvanus ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye heshima zake, na nadhani ilikuwa miaka mingi tangu aambiwe akae chini anyamaze. Alijaribu kuweka simu yake juu ya udongo ili apanguse mikono.

"Usiiweke chini," Persis alisema. "Ikitetemeka ataisikia."

Akairudisha mfukoni.

Walikaa hivyo, mmoja amesimama, mwingine amejilaza nusu, kichwa karibu na ardhi. Ukungu ulipita kati yao na bonde, ukaondoka. Mawe ya barafu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba, moja moja. Baada ya muda Sylvanus akainua kichwa, akakirudisha, akalaza sikio kabisa kwenye udongo.

"Kuna maji yanapita hapa chini," alinong'ona.

"Ndiyo hayo yanayoingia kwenye tundu."

"Yanapita kwa nguvu. Yanaelekea wapi?"

Persis hakumjibu. Alikuwa amelijibu swali hilo Jumatano.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Sylvanus. Alikuwa Maureen, binti yake wa darasa la nane, na kwa kuwa kulikuwa kimya kabisa, Persis alisikia kila neno.

"Baba, uko wapi? Mama anauliza kama tuteke maji kwingine."

"Kwa nini?"

"Ya chemchemi yameharibika. Sasa hivi tu. Yalikuwa safi, mara yakaanza kutoka mekundu, na baridi sana. Kuna vipande vya barafu ndani."

"Vimeanguka kutoka juu ya mawe?"

"Hapana, vinatoka na maji. Vinatoka ndani ya ardhi. Kwani wewe unanong'onea nini?"

"Nitakueleza. Msiteke."

Alikata simu. Barafu ilikuwa inayeyuka chini yake na suruali imelowa mpaka kwenye magoti.

"Mama Job."

"Naam."

"Ule moshi wako, ulitokea mahali gani hasa?"

"Kwenye mawe, upande wa bomba."

"Ndipo Maureen alipo sasa."

"Ndipo."

Alitoa simu tena, akapangusa vidole kwenye koti, akaanza kuandika. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Kisha akamsomea kwa kunong'ona, kwa sababu ulikuwa ujumbe wa kikundi na alitaka usiwe na makosa: kwamba dawa ya kesho isitiwe, kwamba yeye mwenyewe ameona maji ya shamba yakitokea kwenye chemchemi, na kwamba anayetaka kubisha aje aonje.

"Ondoa hapo pa kuonja," Persis alisema.

"Nimekwisha kutuma."

Persis alipumua. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamebeba jembe kwa muda mrefu, yalishuka kidogo. Wakati huo huo unyasi ukatikisika. Ulitikisika mara moja, ukasimama wima kama kwamba hakuna kilichotokea. Alilipandisha jembe tena na kungoja. Hakuna kitu.

"Amejaribu mlango," Sylvanus alinong'ona.

"Anapima. Atarudi."

Lakini jua lilikuwa limeshuka karibu na vilima vya magharibi, na mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya machungwa juu ya barafu. Persis alilitazama jua, akautazama unyasi, akalitazama jua tena. Kisha akaliteremsha jembe.

"Mwenyekiti, mimi nimefika mwisho. Nikuinue tushuke."

"Na fuko?"

"Ana siku moja ya bure. Jumapili nitarudi."

"Siku moja ni migomba mitatu kwake. Na wale wanachama wataniuliza, dawa umekataza, sasa fuko yuko wapi?" Alijikokota mpaka akashika shina la mgomba. "Jua langu mimi halizami leo. Nipe hilo jembe."

Persis alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Alikuwa na matope shavuni na jani la mgomba kwenye kola.

"Umewahi kuua fuko?"

"Nimelima tangu nina miaka saba. Jembe ninalijua."

"Jembe unalijua. Miguu ndiyo huijui."

Alikata ganda kavu la mgomba ulioanguka, akapiga magoti na kufunga viatu vile vya ngozi, mizunguko mitatu kila kimoja. Sylvanus alitaka kusema kitu kuhusu bei ya viatu, akaacha. Kisha Persis alimshika mkono na kumsogeza kwa ubavu, mguu wa chini, mguu wa juu, mguu wa chini, mpaka akamwingiza kwenye vile vishimo viwili. Miguu yake ilikuwa mikubwa, ikabidi avipanue kidogo kwa mkono.

"Usiangalie tundu, angalia unyasi. Ukitikisika mara moja, mwache. Ukiegemea upande mmoja bila kurudi, piga nyuma yake, kiganja kimoja kutoka kwenye tundu. Usisogeze mguu hata ukimkosa."

"Na nikichoka?"

"Kaa chini, useme umechoka. Usijaribu kugeuka ukiwa umesimama."

Persis alishuka peke yake. Alifika nyumbani taa ikiwa imewashwa na Ombui amekwisha kufungua kitabu cha nyimbo. Mzee aliangalia miguu yake kwanza, kisha mikono.

"Jembe liko wapi?"

"Liko na Mwenyekiti."

"Sylvanus? Juu kule?"

"Amesimama kwenye vishimo vyangu."

Ombui alicheka mpaka akalazimika kushika nyonga. Waliimba wimbo wa kwanza, wakasali. Walikuwa kwenye wimbo wa pili mlango ulipobishwa.

Sylvanus alikuwa ameshuka sehemu kubwa ya mlima akiwa amekaa, na suruali yake ilisema hivyo. Kwa mkono mmoja alishika jembe. Kwa mwingine alimshika fuko kwa ngozi ya shingo, mkubwa kama kiatu cha mtoto, mwenye mvi puani, meno yake ya manjano nje.

"Pigo moja," alisema. Hakutamba, alisema kama mtu anayetoa taarifa. "Miguu haikusogea, Mzee. Niliisikia inataka, nikaikataza."

"Unyasi uliegemea upande gani?" Ombui aliuliza.

"Kulia."

"Hm. Mimi ungeegemea kushoto ningempata mapema zaidi," Ombui alisema, maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, wala yeye nadhani.

"Mama Job, nimlete ndani? Jumapili tuwaonyeshe kikundi. Na ile dawa nairudisha Keroka Jumatatu. Nitawaambia wanipe mbolea badala yake, kama watakubali, na kama hawatakubali..."

"Baba Maureen," Persis alimkatiza kwa upole, "hayo ni mambo ya kazi, na sisi tumekwisha kufungua Sabato. Mweke fuko huko nje, juu ya banda, mbwa asimfikie. Kisha vua hivyo viatu uingie. Chai ipo, niliichemsha kabla jua halijazama, na maji yake niliyateka asubuhi."

Sylvanus alimweka fuko juu ya banda. Alirudi, akaketi karibu na jiko, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Ombui alimsogezea kitabu cha nyimbo, kimefunguliwa.

"Huu hata Wakatoliki wanaujua," alisema. "Anza wewe."

Sylvanus alianza, sauti chini mno, wakalazimika kukatisha na kuanza upya.